Kemshafti ya Kumzidi Jirani

Juzi nilikuwa Burumba, pale Busia, kwenye gereji moja ya jua kali, nimesimama juu ya udongo uliokunywa oili mpaka ukawa mweusi kama sufuria ya shule. Fundi alinitandikia gunia chini, akanipangia kemshafti tatu, moja moja, kama mama anayepanga samaki sokoni. Gari langu ni saluni kuukuu ya Kijapani. Injini yake ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Zaidi ya plagi na oili sijaitia mkono. Nilitaka kuiongezea roho kidogo tu, isiwe inapanda kila kilima ikiomba msamaha. Fundi akajifuta mikono kwenye ovaroli, akanitazama vizuri kabla ya kufungua mdomo.

"Dada, kwanza tuelewane. Unataka gari ya kwenda ama gari ya kusikika?"

Rafiki yangu, nilicheka mpaka nikatafuta tairi la kukalia. Fundi alidhani jua limenipiga. Angejuaje kwamba swali hilo nililisikia nikiwa mtoto, si mbali na hapo alipotandika gunia lake, nimeshika mkono wa baba, na kwamba jibu la baba siku ile lilikaribia kuvunja harusi?

Kwa wewe ambaye hujawahi kuiona, kemshafti ni fimbo ya chuma inayolala ndani ya injini, ina vinundu vyenye umbo la yai. Ikizunguka, vinundu vile vinasukuma valvu zifunguke, injini ivute pumzi na kuitoa. Nilikuja kuelezwa vizuri na mwalimu wa fizikia katika shule ya jioni, mtu aliyechora mpaka chaki ikaisha darasa zima. Nundu ikiwa ya wastani, injini inapumua kama mtu anayekwenda kanisani na muda anao. Nundu ikiwa kubwa, inapumua kama mtu anayefukuzwa na nyuki: akishachanganya miguu hakuna wa kumshika, lakini mwambie atembee polepole uone atakavyojikwaa. Ukisikia gari limesimama linanguruma kwa kuruka ruka, du-dum, du-du-dum, ni nundu hizo zinaongea. Na nundu hizo ndizo zilizonifundisha wivu kabla sijajua kusoma.

Tulikaa Malaba, mpakani na Uganda, katika ua wenye nyumba mbili zilizotazamana na mfereji mmoja katikati. Asubuhi ya pale ilikuwa na harufu ya dizeli na chapati kwa pamoja, mpaka leo nikila chapati isiyonukia dizeli naona kama mpishi amesahau kitu. Malori yalilala barabarani yakisubiri kuvuka, foleni ndefu kiasi kwamba mtu wa mwisho alikuwa anaoa na kuzaa kabla hajafika mpakani. Breki za malori zilipiga chafya usiku kucha. Redio za ng'ambo ziliimba Kiganda, za kwetu zikajibu. Kazi zangu zilikuwa kuteka maji, kuchambua maharagwe, kuwafukuza kuku wasikanyage omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa kwenye magunia, na kila Jumapili jioni kuliosha gari la baba kwa kitambaa ambacho zamani kilikuwa sketi ya mama.

Baba alikuwa na teksi ya kwenda Busia na kurudi. Jirani wa nyumba ya pili pia alikuwa na teksi ya kwenda Busia na kurudi. Magari yenyewe yalikuwa ndugu wa tumbo moja: letu rangi ya maziwa, lao rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Hata nyufa za taa zilifanana. Tofauti ilikuwa moja tu. Jirani aliwahi kumwendeshea mtu wa mashindano ya magari, na yule mtu alipohama alimwachia kemshafti. Jirani akaitia kwenye injini yake, na tangu siku hiyo ua wetu ukawa na simba mmoja na paka mmoja. Sisi tulikuwa paka.

Nikwambie maana ya simba katika ua kama ule. Jioni, jirani akiwa bado upande wa Amagoro, mke wake alikuwa ameshasikia. Aliinua kichwa kutoka kwenye mboga, akasema, "Huyo anakuja," akaweka maji jikoni. Maji yalipochemka, gari lilikuwa linakata kona ya duka la unga. Mwiko ulipotoka, mlango wa gari ulikuwa unafungwa. Jirani aliketi, akanawa, na ugali ulikuwa unamtolea mvuke usoni kama mfalme. Kila siku! Sasa njoo kwetu. Gari la baba lilifika kimya kama limeiba. Mama alishtukia mtu amesimama mlangoni. "Aa, kumbe umefika?" Basi baba alikula ugali ulioota ngozi juu, au alisubiri mwingine huku akitazama mvuke wa mlango wa pili. Nami nilikuwa namwona anavyotafuna.

Mimi nilikuwa na vita vyangu. Jirani alikuwa na binti wa rika langu, meno ya mbele yamepishana, mdomo mkali kama wembe mpya. Watoto wa mtaa tulikuwa na mchezo wa jioni: tunakaa kwenye jiwe la getini, tunafumba macho, tunayataja magari kwa mlio. Mtoto wa Malaba wa siku zile alijua lori kwa kukohoa kwake. Gari lao lilitajwa na kila mtu, hata na mtoto ambaye bado ananyonya. La kwetu likapita nyuma yetu karibu kutukanyaga, hakuna aliyefungua jicho.

"Ya kwenu haihesabiki," binti wa jirani aliniambia. "Inapita kama baiskeli."

"Baiskeli haina redio!"

"Na ya kwenu pia redio si ilikufa?"

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye jiwe. Wivu niliokuwa nao, rafiki yangu, ungeunganishwa na nyaya ungewasha taa Malaba nzima na Tororo ng'ambo wakapata za kubaki. Nilitamani kukaa kwenye kile kiti cha mbele cha gari lao, mara moja tu, nisikie simba akinguruma chini ya miguu yangu. Niliamini aliyekaa pale hawezi kuumwa na meno wala kuchapwa shuleni.

Kisha senje akapata mchumba. Senje ndiyo shangazi kwetu. Alikuwa dada wa baba, tuliishi naye, alishona sare za shule kwa cherehani ambayo nayo ilinguruma kuliko gari letu. Mchumba alikuwa mwalimu kutoka Sigalame, na harusi ilikuwa ifanyike kanisani huko huko. Jioni moja tukinywa chai na viazi vitamu, senje akaweka kikombe chini.

"Kaka, usinikasirikie. Gari ya kunipeleka kanisani nataka iwe ya jirani."

Baba akaacha kiazi njiani. "Ya jirani? Na mimi nitabeba nini?"

"Wewe utabeba kukhu na masufuria."

"Masufuria!"

"Kaka, nataka kanisa lisikie nikiwa bado mbali. Watu watoke nje. Na ya kwako, pasta si atauliza kama bibi harusi amekuja na miguu?"

Kukhu, nyanya yetu, aliyekuwa anatafuna karanga pembeni, akasema, "Huyu mtoto amerogwa na ekzosi," akaendelea kutafuna. Mama akainama kwenye birika. Lakini baba hakucheka. Kwetu, kaka ndiye anayemtoa dada yake nyumbani. Hata awe na mkokoteni, atamtoa na mkokoteni. Na sasa kaka mwenye magurudumu manne anaambiwa abebe vyombo, huku damu yake ikitolewa na mtu wa mlango wa pili. Mimi mwenyewe, pale kwenye mkeka, niliona gari la jirani limeshakula ugali wetu, sasa linakula mtu wetu. Nilimtazama senje kama mtu aliyehamia timu nyingine akiwa bado amevaa jezi yetu.

Jumamosi iliyofuata baba aliniambia nivae viatu, tunakwenda Burumba.

Fundi wa siku zile alikuwa mnene, mcheshi, amevaa kofia ya sufu kwenye jua la kukaanga samaki. Alitandika gunia. Akaweka kemshafti tatu. Unaona sasa kwa nini juzi nilitafuta tairi la kukalia.

"Hii ya kwanza ni kama ile iko kwa gari yako, imenona kidogo tu," alisema. "Itavuta vizuri, hata injini haitajua imebadilishiwa. Hii ya pili itanguruma, na mlima bado itapanda. Sasa hii ya tatu..." Akaishika kama mtu anayeshika mtoto mchanga wa mtu mwingine. "Hii ni ya mashindano. Chini haina nguvu, mpaka ikimbie. Inataka kabureta ya kushiba, springi ngumu za valvu, pistoni za kubana zaidi, na barabara tupu. Mzee, injini yako ni ya kawaida. Na barabara tupu utaitoa wapi, malori yamelala Malaba mpaka kesho?"

Baba alizitazama zote tatu. Hakuuliza habari ya kabureta. Hakuuliza habari ya springi.

"Ya jirani yangu ni ipi?"

"Ya jirani yako ni kama hii ya kati. Mimi ndiye huwa namsetia tapeti za valvu."

"Basi nipe ile inamzidi."

"Mzee, tuelewane. Unataka gari ya kwenda ama gari ya kusikika?"

"Nataka gari ya kumzidi."

Nilimbana baba mkono kwa furaha. Katika maisha yangu sikuwahi kumpenda mtu vile.

Jioni ile tuliingia Malaba kama serikali. Kuku wa ua mzima walitaga kabla ya wakati wao. Mbwa waliomba hifadhi Uganda. Mlio haukuwa tena du-dum. Ulikuwa kama mtu anayemwaga magogo kwenye mabati, halafu anasita, halafu anamwaga tena. Jirani alitoka mlangoni na kikombe cha chai mkononi, akasimama mpaka chai ikapoa, hakunywa. Na mama! Mama alikuwa ametusikia. Alikuwa amesimama uani, mwiko mkononi, anasema kwa sauti ambayo haikuwa na haja ya kuwa kubwa vile, "Huyo anakuja!" Ugali ulitoa mvuke. Baba alinawa taratibu, akatazama mlango wa pili, akamega tonge la kwanza. Hakutafuna kama zamani. Binti wa jirani alikaa kwenye jiwe peke yake, amenipa mgongo, na nikaona mabega yake yanatikisika. Nililala nikiwa nimeshiba vitu viwili.

Ni kweli gari lilizima getini. Lilizima tena kwenye kituo cha petroli, na petroli yenyewe lilikuwa linakunywa kama ng'ombe aliyetoka nchi kavu. Ukiliacha lisimame bila kupiga resi, lilitetemeka, likakohoa, likanyamaza. Baba alikuwa na jibu moja kwa wote: "Bado inazoea."

Senje alibadilisha mawazo kabla hata hajaombwa. Alizunguka gari, akaweka kiganja juu ya boneti lililotetemeka, akasema, "Kaka, hii watasikia mpaka ziwani." Baba akaenda mwenyewe kwa jirani kumweleza kwamba mambo yamegeuka. Jirani alisikiliza, akakuna shingo.

"Hakuna maneno," alisema. "Basi mimi nitabeba kukhu na masufuria."

Siku ya harusi tulitoka Malaba tumejazana. Mbele baba na msimamizi wa bibi harusi, mwanamke mwenye mwili wa heshima. Nyuma senje katikati ya wasichana wawili waliovaa rangi ya chungwa, na mimi nimekunjwa mlangoni nimeshika ncha ya shela isiguse sakafu. Jirani nyuma yetu na kukhu, masufuria na binti yake. Watu walitoka majumbani kutupungia. Nilimpungia kila mtu, hata asiyetuangalia.

Kisha tukafika kwenye malori. Yalikuwa yamefunga pande zote mbili, yanasogea hatua moja, yanasimama. Unaenda kama kobe, unasimama, unaenda. Na lile gari letu, rafiki yangu, lilikuwa limetengenezewa kukimbizwa na nyuki. Du-du... du... zii. Likazima. Baba akaliwasha, akapiga resi mpaka ndege wakahama miti, akaachia klachi, likaruka kama sungura, likakuta lori mbele, akakanyaga breki. Zii. Harufu ya klachi inayoungua ikaingia kwenye shela. Matanboi, wale wasaidizi wa madereva wa malori, wakashuka kuja kuona. Hao watu hawajawahi kukosa la kusema.

"Bibi harusi, simba yako imelala!"

"Mpatieni chai ya maziwa!"

"Boss, jaribu gia ya kurudi, labda huko ndiyo inajua!"

"Kaka, tutafika?" senje aliuliza, sauti ndogo.

"Inazoea tu," baba akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye tai ya kuazima.

Mbele kidogo pana mwinuko. Siwezi kuuita mlima. Mbuzi anaupanda akitafuna. Gari letu lilifika katikati yake, likatetemeka, likatafuta nguvu za chini ambazo fundi alituambia hazitakuwepo, likazikosa. Likazima. Tukaanza kurudi kinyumenyume, polepole, wasichana wa rangi ya chungwa wakilia kwa sauti mbili tofauti. Baba akavuta breki ya mkono. Hata matanboi walinyamaza, na hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika.

Jirani alikuja kwa miguu, kamba begani. Akainama dirishani kwa baba.

"Mzee, nifungue boneti nione?"

"Usifungue kitu."

"Basi nikufunge kamba."

Baba hakumtazama. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. "Na dada yangu ahamie kwako, si ndiyo?"

Senje alikuwa ameshaweka mkono kwenye mlango. Niliuona mkono ule. Baba pia aliuona, kwenye kioo.

"Nani amesema ahame?" jirani akasema. "Huyo ni bibi harusi wako, akae hapo hapo. Mimi nitavuta. Lakini tukikaribia kanisa, wewe washa hiyo kitu na upige resi mpaka wakimbie. Watasikia ya kwako. Ya kwangu nitashika kimya."

Baba aliitikia kwa kichwa mara moja. Senje akautoa mkono mlangoni, akauweka begani kwa kaka yake, akauacha hapo.

Ili kupunguza uzito, baadhi yetu tulihamishwa. Na hivyo ndivyo nilivyopata kukaa, siku niliyoitaka kidogo kuliko zote, kwenye kile kiti cha mbele cha gari la jirani, nimebanana na binti yake, sufuria la pilau magotini. Tukapita pembeni, tukatangulia, kamba ikakaza. Tukaanza kupanda, taratibu, bila kujikwaa. Nilitega masikio nimsikie simba. Nilisikia vifuniko vya sufuria. Nilisikia kukhu akitafuna karanga.

"Mbona haingurumi?" nilimnong'oneza binti wa jirani.

"Ndani huwa hivi," alisema. "Inakutetemesha miguu tu. Ulidhani aje?"

Kisha akageuka kutazama nyuma, kwenye gari letu lililokuwa linavutwa na kamba, bibi harusi ndani, na macho yake niliyatambua kabisa kwa sababu yalikuwa yangu. "Ya kwenu ndiyo inasikika," alisema. "Mimi juzi nililia."

Miaka yote ile nilikuwa nakionea wivu kiti ambacho hakikuwa na kitu. Mlio ule haukuwahi kuwa wa wale waliokaa ndani. Ulikuwa wa mke wa jirani jikoni, na wetu sisi wa kwenye jiwe. Lakini usidhani wivu ulipoa kwa kujua hivyo. Ulipata tu mahali pengine pa kukaa: sasa nilionea wivu ile kamba, na jinsi gari lile lilivyopanda mwinuko likituvuta kama halikuwa limefungwa kitu.

Tulipoyaacha malori nyuma, baba alipiga honi na kuonyesha kwa mkono: fungueni. Barabara mbele ilikuwa tupu, kwa mara ya kwanza. Alishuka nalo kwenye mteremko, akaliwasha, akalipandisha resi, na kemshafti ile ikaamka. Walahi, nilidhani wameondoka duniani. Lilitupita likipiga kelele nzuri ambayo sijaisikia tena, shela limetoka dirishani kama moshi mweupe, na nikamwona baba, meno yote nje. Jirani alisema polepole, "Lakini inaenda, hii kitu." Kwenye sauti yake nilisikia wivu, na nikaumezea mate kama asali.

Kisha soko likaja, na soko lina matuta. Tulipofika tuliwakuta wamesimama juu ya tuta la kwanza, kimya. Baba alishuka mwenyewe, akaokota kamba, akaifunga mwenyewe. Kutoka hapo hatukuifungua tena.

Tuliingia Sigalame hivyo: gari la jirani mbele, likinong'ona, na nyuma yake, kwenye kamba, simba aliyepigwa resi mpaka madirisha ya kanisa yakajibu. Watu walitoka wote. Kwaya ilisahau sauti ya pili. Pasta aliziba masikio kwa kitabu chake na mkono wake. Wapo waliodhani ni mtindo mpya wa harusi za Malaba, na nasikia mwaka ule jamaa mmoja wa Funyula alioa akiwa amefungiwa kamba kwa hiari yake. Senje alishuka, baba akamshika mkono, wakatembea. Uso wa baba ulikuwa mweusi wa moshi na aibu, lakini ndiye aliyemtoa.

Baada ya juma lile alirudi Burumba, akarudishiwa kemshafti yake ya kawaida. Paka akarudi uani.

Lakini jioni moja mama alikuwa uani, mke wa jirani akainua kichwa, akasema, "Huyo anakuja," kisha akaongeza, "na wa kwako yuko nyuma." Mama hakuelewa. Magari yakaingia yakifuatana. Kesho yake vilevile. Jirani alikuwa ameanza kumsubiri baba kule Busia mpaka naye ajaze abiria, waondoke pamoja. Hakumwambia mtu ila mke wake, na baba hakushukuru mbele ya mtu. Tangu hapo mlio mmoja ukaweka masufuria mawili jikoni. Mama alijifunza: gari la jirani likinguruma, maji ya kwetu yanapanda. Baba alikula ugali wa moto mpaka tulipohama ua ule kwenda kukaa Sigalame, karibu na senje. Na mimi, nikwambie ukweli wangu, kila tonge lilinikwaruza kidogo. Ulikuwa moto wa kuazima. Mama naye, hadi leo, anashikilia kwamba maji ya kwetu yalikuwa yanachemka kwanza.

Ua wetu sasa ni uwanja wa kuegesha malori. Jiwe la getini sijui liko msingi wa nyumba ya nani. Binti wa jirani aliolewa Tororo. Tunaandikiana, na bado ana ule mdomo. Gari lao liliuzwa vyuma vikuukuu, na jirani alizikwa kwao. Baba yuko Sigalame, nyuma ya nyumba, chini ya maua ya mama. Siku hizi magari yote yanapita kama la kwetu lilivyopita, kimya. Mtu akikaribia nyumbani anapiga simu: weka ugali. Na watoto wa Malaba, ukiwaambia wafumbe macho, wanadhani unataka kuwaibia simu.

Basi nilimjibu fundi wa Burumba. "Nipe ya kati," nikamwambia. "Ingurume, na mlima ipande." Akasema kwa injini kama yangu nimechagua vizuri. Hakujua aliyechagua ni yule mtoto wa kwenye jiwe.

Jumapili nikaenda nayo Sigalame kumwona mama. Madirisha nilishusha yote, na bado, ndani, nilisikia mitetemo ya miguuni tu. Lakini nilipokata kona ya kwetu nikaona moshi wa jikoni umepanda. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi, na nyuma yake sufuria limeshaanza kutoa mvuke. Sikuwa nimempigia simu. Rafiki yangu, kifua changu kilijaa mpaka vifungo vikaomba ruhusa. Hatimaye! Mlio wa kwetu, maji ya kwetu.

"Umenisikia, mama!"

"Nimesikia jirani," mama alisema. "Nikaweka maji." Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama barabara, nyuma ya gari langu. "Huyo akifika, baba yako si huwa..."

Mwiko ukashuka taratibu kando ya gauni lake.

Nilizima injini. Nilitaka kumwambia kwamba hili ni langu, nimelinunua mwenyewe, nimelichagua mwenyewe. Badala yake nilienda nikasimama kando yake mlangoni, nikageukia kule alikokuwa anatazama, na tukasikiliza pamoja, huku maji yakichemka nyuma yetu.